Mkono Wako Chini ya Wake: Maswali Yenu Kuhusu Uziwi-Upofu

Toleo lililopita kuna msomaji aliuliza kiswali kifupi tu, kama mtu asiyeona na asiyesikia anaweza kusoma, nikamjibu ndiyo, anasoma kwa vidole, nikaendelea na maswali mengine. Sikujua nimefungua mlango. Meseji zimekuja nyingi kweli, mama mmoja kanitumia sauti ya dakika 11 na katikati yake analia tu hasemi kitu. Kwa hiyo leo ukurasa wote ni huo huo. Wasiojua, mimi kazi yangu kwa miaka mingi ni ukalimani wa kugusa, yaani mwenzangu anaweka mikono yake juu ya yangu nami nampa yote yanayosemwa na yanayotokea mle ndani, awe kwenye kikao au kwa daktari.

Jambo moja kwanza. Uziwi-upofu sio lazima giza totoro na kimya kabisa, wengi wana kaona kidogo au kasikio kidogo kamebaki, ila vyote viwili ni dhaifu kiasi kwamba kimoja hakiwezi kuziba pengo la mwenzake. Kiziwi anategemea macho, asiyeona anategemea masikio, huyu wa kwetu hana pa kuegemea ndio maana ni ulemavu wake peke yake sio jumla ya viwili. Na sio wachache. Shirikisho la dunia la watu wenye uziwi-upofu, WFDB, kwenye ripoti ya 2018 walikadiria asilimia 0.2 ya watu duniani wana hali kali, na ukiwahesabu wenye hali nyepesi inafika kama asilimia 2.

Haya, twende.

Mwanangu ana miaka miwili na nusu. Mimba ilipokuwa changa nilipata vipele na homa ndogo vikaisha vyenyewe, kumbe ilikuwa rubela. Kazaliwa na mtoto wa jicho macho yote, kafanyiwa oparesheni, na vipimo vya masikio vinaonyesha hasikii karibu kabisa. Nikimnyanyua anapiga kelele anarusha miguu. Kuna daktari aliniambia nimpe chakula na usafi, zaidi ya hapo nisitegemee. Nianzie wapi? (Mama mwenye mmoja)

Mama, pole sana, na hilo la chakula na usafi ulitoe kichwani leo. Na lingine ulitoe: hukukosea. Rubela kwa mtu mzima ni ugonjwa mwepesi mpaka unasahau kama uliumwa, ila ukiingia kwenye mimba changa unaharibu macho, masikio na moyo wa mtoto. Mpaka 1941 hata madaktari walikuwa hawajui, aliyegundua ni daktari wa macho wa Australia, Norman Gregg, kwa kuwasikiliza kina mama waliomletea watoto wenye mtoto wa jicho. Ukitaka mtoto mwingine ulizia chanjo kabla ya kushika mimba, sio ukishashika. Na huyu uliyenaye hakikisha wameshamwangalia moyo pia.

Sasa kuhusu kelele. Hebu fumba macho, ziba masikio, fikiria umekaa zako, ghafla kitu kinakubeba juu hujui ni nani wala unapelekwa wapi. Utapiga kelele na wewe. Anachofanya mwanao sio utukutu, anaogopa, na anachokuomba ni taarifa.

Kwa hiyo kabla ya kumnyanyua mguse bega, mkono utulie pale kidogo usipigepige, uteremshe taratibu mpaka kwenye mkono wake, halafu mpe ashike kitu kimoja ambacho wewe unakuwa nacho siku zote, tuseme bangili, kila siku hiyo hiyo, ndio jina lako hilo. Baba yake naye awe na chake, ndevu au saa. Kisha weka viganja chini ya kwapa, mpandishe kidogo tu mara mbili kama unamuuliza, halafu usubiri. Hapo kwenye kusubiri ndipo karibu wote tunaharibu, maana tunahesabu sekunde zetu sisi tunaoona, yeye anahitaji muda mrefu zaidi, hesabu moyoni mpaka 20 ikibidi. Ukiona kainua mabega au kakaza shingo au katulia ghafla, kakujibu. Mnyanyue.

Vivyo hivyo kwa shughuli zote za siku. Kijiko mkononi kabla ya kula, taulo kabla ya kuoga, kofia kabla ya kutoka, na kiwe kitu halisi atakachokitumia, sio mwanasesere wa plastiki mfano wa hicho kitu, maana kwa vidole kigari kidogo cha kuchezea hakifanani na gari hata kidogo. Akishazoea, vipange vitu vya siku kwenye boksi lenye vyumba vitatu au vinne, kwa mpangilio, na kila mnachomaliza mnakitupia pamoja kwenye kikapu cha "vimeisha". Hiyo ndiyo kalenda yake, na mtoto anayejua kinachofuata analia kidogo sana.

La muhimu kuliko yote kwenye barua hii: usimshike mkono kwa juu ukambururia kwenye vitu. Wengi wanafanya hivyo kwa mapenzi kabisa lakini mikono yake ndiyo macho yake, ukimkaba viganja umemfumba macho. Mkono wako uwe chini ya wake. Nakumbuka nilikaa sakafuni na binti wa miaka minne ambaye kutwa alikuwa anazungusha kifuniko cha sufuria, kila mtu anasema hana akili anacheza na kifuniko tu. Nikachukua kifuniko changu, nikaingiza mkono chini ya mkono wake, nikazungusha kama yeye. Nikaacha. Naye akaacha. Kimya kirefu, halafu vidole vyake vikatafuta dole gumba langu vikalisukuma. Anasema endelea! Mama, yale yalikuwa mazungumzo, tukaongea kifuniko nusu saa nzima.

Wengi mnanitajia Helen Keller, yule mwandishi wa Marekani, na kweli yeye aliugua akiwa na miezi 19 akapoteza kuona na kusikia. Ila hadithi inavyosimuliwa utadhani mwalimu alikuja akammwagia maji mkononi na mtoto akaelewa maneno siku hiyo hiyo. Mwalimu huyo, Anne Sullivan, alifika tarehe 3 Machi 1887 na siku ya bomba la maji ni tarehe 5 Aprili, zaidi ya mwezi mzima anamwandikia maneno kiganjani na hakuna kinachoonekana. Na hakuanza kutoka hewani, shule ya wasioona ya Perkins huko Marekani ilishamfundisha Laura Bridgman, naye haoni wala hasikii, kuanzia 1837, na Anne alisoma hapo hapo na alimfahamu Laura. Perkins ipo mpaka leo na wanafundisha walimu na wazazi nchi nyingi. Kuna pia Sense, ilianzishwa 1955 Uingereza na wazazi wenye watoto wa rubela kama wako, ambao nao hawakuwa na pa kwenda, na mkono wake wa nje ya nchi unaitwa Sense International. Waandikie, uliza kama wana mtu karibu na ulipo.

Mwisho, miwani na mashine za masikio avae, hata kama unaona "hazisaidii". Lenzi ya jicho imetolewa kwenye oparesheni, bila miwani au lenzi za kuvaa haoni hata kile alichobakiziwa. Na kliniki ya macho msiache maana presha ya macho inaweza kuja baadaye kimya kimya.

Mimi ni kiziwi tangu kuzaliwa, naongea lugha ya alama. Toka nina miaka kama 9 gizani sioni. Siku hizi hata mchana mtu akininyooshea mkono kwa pembeni simwoni, wanasema naringa. Juzi daktari kasema Usher. Siku tatu naangalia ukuta. Sijamwambia hata mama. Nianze breli sasa wakati simu bado naisoma vizuri? Na dawa ipo? (Kijana, 24)

Mdogo wangu, asante kwa kuniamini na hilo kabla ya mtu mwingine.

Huringi. Usher, ugonjwa unaogusa masikio na macho kwa pamoja, inakula retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, taratibu, inaanza na zile chembe za kuona gizani na pembeni, katikati panabaki safi muda mrefu, kwa hiyo unaweza kusoma meseji ya herufi ndogo na bado ukajikwaa kwenye stuli iliyo mbele ya miguu yako, na watu wanasema unaigiza. Jina limetokana na Charles Usher, daktari wa macho wa Uskoti aliyeandika kuihusu 1914. Wenye aina ya 1 wanazaliwa viziwi kabisa, kuona gizani kunapotea utotoni, na wengi walichelewa kutembea kwa sababu mizani ya mwili nayo iko sikio la ndani, muulize mama kama na wewe ulichelewa. Aina ya 2 wanazaliwa wakisikia kwa shida, macho yanaanza ujana. Ya 3 yote yanakuja baadaye polepole. Inarithiwa, baba na mama kila mmoja alibeba nakala moja ya jeni mbovu, yaani chembe ya urithi, bila kujua wala kuumwa, na wakikutana hivyo kila mimba ina nafasi 1 kati ya 4 ya kuwa na Usher. Kama una ndugu mwingine kiziwi apelekwe akapimwe macho, hilo usilicheleweshe.

Dawa ya kurudisha retina ya Usher haipo kwa sasa. Utafiti unaendelea na ni wa kweli, lakini mtu akikuuzia matone au vidonge vya kuponyesha, huyo anakula hela yako. Kinachoweza kutibika ni mtoto wa jicho, ambaye huwapata wengi wenye hali hii mapema, kwa hiyo uono ukishuka ghafla usiseme "ndio Usher hiyo", nenda ukachunguzwe.

Breli, yale maandishi ya nukta za kusoma kwa vidole: anza sasa. Anza mwezi huu. Nukta ni 6 tu, mpangilio wake utaujua kwa wiki chache, ila vidole vinahitaji miezi kujifunza kuhisi, na kujifunza huku macho yanakusaidia kidogo ni tofauti kabisa na kujifunza ukiwa umeshazama kwenye huzuni. Nimewaona waliosubiri. Ukishajua breli mlango mkubwa unafunguka maana kuna kifaa cha breli kinachoshikana na simu au kompyuta kwa blututhi, kina mstari wa vijiti vidogo vinavyopanda na kushuka chini ya vidole, meseji ikiingia unaisoma na unajibu hapo hapo. Programu za kusoma skrini, TalkBack ya kwenye Android na VoiceOver ya kwenye iPhone, zote zinaongea na vifaa hivyo, na kwenye kompyuta kuna NVDA ambayo ni ya bure. Kifaa chenyewe ni ghali sikufichi, ndio maana uliza vyama na maktaba za wasioona kama wanaazimisha kabla hujakata tamaa.

Kwenye lugha ya alama, usiaibike kuwaambia watu wasogee nyuma hatua mbili tatu ili mikono na uso viingie kwenye ka-duara unakoona, waoneshe alama karibu na kifua wasitanue, wavae nguo ya rangi moja inayotofautiana na ngozi yao, na taa iwe mbele yao sio mgongoni. Halafu anza alama za mguso mapema, usiku taa zikizimwa na marafiki unaowaamini, mikono yako juu ya yao kwa wepesi, usibane. Mwanzoni utaona kama umekamata samaki kisha ghafla unaanza kuelewa. Kuna kundi la watu wenye uziwi-upofu Seattle, kuanzia 2007, walichoka kuongelewa kupitia wakalimani wakatengeneza njia yao inaitwa Protactile, na mimi imenibadilisha kazi kabisa: unapoongea, msikilizaji anakugongagonga pajani kukuonyesha "niko na wewe", akicheka vidole vyake vinachezacheza kwenye goti lako, yaani na kicheko kinaonekana kwa ngozi. Kabla ya hapo tulikuwa tunamwachia mtu anaongea na ukuta.

Kuendesha chochote, acha. Gari, pikipiki, baiskeli usiku, vyote. Na fimbo ichukue kabla hujaumia, nchi nyingi fimbo nyeupe yenye mistari myekundu inamaanisha huyu haoni na hasikii, ikikusaidia usiku tu basi itumie usiku tu.

Mama mwambie. Sio lazima uwe na maelezo yote, mpe karatasi ya daktari akae nayo na wewe uwe pembeni yake. Kisha tafuta mwenye Usher aliyekutangulia hata miaka 5, hata wa mbali kwa video, maana kuna maswali ambayo mimi mwenye macho siwezi kukujibu na yeye atakujibu kwa dakika moja.

Tuwaiteje? Kuna mtu alinikaripia nimesema bubu kipofu. (Msomaji)

Alikuwa sahihi kukukaripia, "bubu" achana nalo, hawa watu wana lugha. Mtu mwenye uziwi-upofu, au kiziwi asiyeona, yote yanatumika. Ila bora zaidi muulize mwenyewe. Wengine waliokua kwenye jamii ya viziwi wanajiita viziwi mpaka leo hata kama hawaoni tena, na wanajivunia, muache na jina lake.

Babu yetu ana miaka 81. Masikio yalianza kitambo, sasa na macho. Siku hizi anajibu vitu visivyohusiana, usiku anazunguka, mchana amekaa tu. Wajomba wanasema amechanganyikiwa na hakuna haja ya kumsumbua na hospitali. Nina wasiwasi lakini mimi ni mjukuu tu. (Mjukuu wa kike)

Mwanangu, wasiwasi wako ni wa haki. Kundi kubwa la wenye uziwi-upofu ni wazee, na ndio kundi linalofichika kuliko yote kwa sababu kila mtu anasema "uzee huo". Mzee akisikia nusu ya swali atajibu nusu aliyoisikia, na jibu litaonekana la kichaa. Asipoona mwanga vizuri saa yake ya mwilini inavurugika, ndio huko kuzunguka usiku. Wapo pia ambao macho yakififia wanaona vitu ambavyo havipo, maua, vijitu vidogo, nyuso, inaitwa hali ya Charles Bonnet, sio wazimu wala sio mashetani, ni ubongo unajichorea picha kwa kukosa za kweli, na wazee hawasemi kwa kuogopa kudhaniwa vibaya. Muulize taratibu. Inawezekana akili kweli inachoka, sikatai, lakini huwezi kujua hilo kabla hujahakikisha swali limemfikia.

Kwa hiyo waambie wajomba, kwa adabu zako zote, kwamba unaomba vitu viwili tu. Masikio yachekiwe, na waanze na nta maana mara nyingine ni nta imejaa imekuwa ngumu. Macho yachekiwe, maana mtoto wa jicho anatolewa hata kwa mtu wa miaka 81, na miwani ya miaka kumi iliyopita sio ya leo. Kama ana mashine ya sikio angalieni betri! Nimekuta mzee amevaa mashine imekufa miezi minne na familia inalalamika mzee mkaidi.

Nyumbani: zimeni redio na tivii mnapoongea naye, kaa upande wa sikio zuri, uso wako uwe kwenye mwanga, ongea pole pole usipige kelele, kupiga kelele kunavunja maneno. Usihamishe viti. Mlango uwe umefunguliwa wote au umefungwa wote, nusu mlango unavunja watu pua. Kikombe cha rangi nzito juu ya meza nyeupe, kinyume chake pia sawa.

Na umfundishe kusoma kiganjani, kama alijua kuandika enzi zake hataishindwa. Mkamate mkono kwa chini, kwa kidole chako cha shahada andika herufi kubwa katikati ya kiganja chake, moja juu ya nyingine mahali pale pale, kila herufi ipumzike kidogo, neno likiisha unapangusa kwa kiganja. Anza na jina lako. Mmoja niliyemwandikia hivyo alikuwa hajaongea na mtu siku nyingi, nilipofika herufi ya tatu alilimalizia jina mwenyewe kwa sauti kubwa akanishika mkono hataki kuuachia. Mkubaliane pia alama ya hatari ambayo wengi tunafundisha: mtu akikuchora X kubwa mgongoni maana yake kuna dharura, usiulize, nifuate.

Ukiingia mguse begani na ujitambulishe, na ukiondoka umwambie naondoka. Hakuna kinachowadhalilisha kama kugundua umeongea na kiti kitupu.

Jirani yangu ana hali hii, nataka kumsaidia barabarani naogopa kukosea. (Jirani mwema)

Gusa bega, subiri akugeukie, mpe mkono wako achague. Usimsukume wala usimvute fimbo. Yeye ndiye atakushika juu kidogo ya kiwiko na wewe unatangulia nusu hatua, mwili wako unamwambia kila kitu. Kwenye ngazi simama kabisa kwanza, kisha pandisha au shusha mkono kidogo ajue ni juu au chini. Penye mlango mwembamba peleka mkono wako nyuma ya mgongo naye atajipanga nyuma yako. Kama lazima umwache kidogo, mwache mkono wake ukiwa kwenye ukuta au kiti, kamwe usimwache katikati ya uwazi, hapo hana dunia.

Na mkifika mpe habari za mahali, watu wangapi, nani kakasirika, nani kaingia, mvua imeanza. Kumfikisha peke yake ni kazi ya nusu.

Binti yangu amekubaliwa chuo lakini wanasema hawana uwezo wa kumhudumia. Ana haki gani na tuombe nini hasa? (Baba)

Baba, hongera zake kwanza. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu ulipitishwa Desemba 2006 ukaanza kazi Mei 2008, na ibara ya 24 inawataja watu wenye uziwi-upofu kwa jina, kwamba elimu yao itolewe kwa lugha na njia za mawasiliano zinazowafaa. Angalia kama nchi yako imeuridhia, nchi nyingi mno zimeuridhia, na barua yako ianze hapo.

Ila nikwambie ukweli, "hawana uwezo" mara nyingi maana yake hawajui waandae nini, wanafikiria jengo jipya. Wapelekee orodha. Mkalimani wa kugusa, na wawe wawili kwa kipindi kirefu maana mikono inachoka wanapokezana kila dakika 20 hadi 30. Vitabu na slaidi vije mapema kama faili za maandishi sio picha, kifaa cha breli hakisomi picha. Muda wa ziada kwenye mitihani. Mtu wa kumzungusha mazingira ya chuo kabla wengine hawajafika. Mhadhiri ataje jina la anayeongea. Ukihesabu hapo vitu vingi ni mpangilio tu, hela inaingia kwa wakalimani na kifaa.

Na uwatajie Haben Girma, mwanamke ambaye ni mtu wa kwanza kabisa mwenye uziwi-upofu kumaliza shule ya sheria ya Harvard, mwaka 2013. Anatumia kibodi ambayo mtu mwingine anaandika na yeye anasoma breli kwenye kifaa chake, halafu anajibu kwa mdomo. Kibodi na kifaa, basi. Wakikataa tena, ungana na chama cha watu wenye ulemavu cha nchini kwenu na uwaandikie WFDB, lilianzishwa 2001 na linaongozwa na wenye hali hii wenyewe, au Deafblind International ambako wataalamu wanakutana. Barua ya baba mmoja inawekwa kwenye droo, barua yenye mihuri mitatu inajibiwa.

Nasoma ukurasa wako kwa breli. Sijui kuongea kwa sauti ya kueleweka. Nikiwa nje watu wananivuta, wananiachia njiani, wengine wananiombea bila kuniuliza. Nifanyeje wanielewe haraka? (Msomaji)

Dada, nimefurahi kuliko unavyoweza kujua kwamba uko kwenye ukurasa huu.

Tembea na kadi. Wengi wenye hali yako wanazo, kubwa kiasi cha kiganja, herufi nzito nyeusi juu ya karatasi ya njano, ipakiwe plastiki, na kona moja uikate ili vidole vyako vijue upande upi ni wa juu. Usiandike mengi, mtu aliye barabarani anasoma mistari minne tu. Tengeneza mbili au tatu kwa kazi tofauti, ya kuvuka barabara, ya dukani, ya kumwita dereva. Nakuandikia ya kwanza, ibadilishe unavyotaka:

"Sioni na sisikii. Ukitaka kunisaidia kuvuka, gusa bega langu, kisha nipe mkono wako niushike mimi. Usinivute. Tukishavuka, weka mkono wangu kwenye ukuta au nguzo, nigonge begani mara mbili nijue unaondoka."